Fisi na Safu Isiyojirudia

Mwaka ule mvua ilikataa. Mito ya nyika ilikauka mmoja baada ya mwingine, ikaacha mchanga na mifupa ya kambare. Wanyama wenye miguu mirefu walihama mapema. Waliobaki ni wenye watoto wachanga, wenye wazee wao na wenye mwendo mdogo, na hao wote tegemeo lao lilikuwa moja: bwawa la Miambani, lililojificha katikati ya mawe makubwa ambako jua halikufika. Bwawa hilo lilikuwa mlangoni kwa Simba.

Simba hakuwa mchoyo wa maji. Hakuwa mchoyo wa kitu chochote ilimradi asalimiwe. Ukimsalimia vizuri angekupa hata malazi yake. Ukimpita bila kumtazama angekuandama mpaka mwisho wa nyika. Wake zake walimwindia nyati, yeye akala akashiba, na mabaki akayatupa nyuma ya jiwe. Huko nyuma ya jiwe alikuwapo mpambe wake, Fisi, akiwa amekwisha kufungua mdomo.

Kazi ya Fisi ilikuwa kusimama kando ya Simba na kusema, "Kweli kabisa, mfalme." Hakuhitajika kusema lingine. Kwa maneno hayo matatu alipata chakula ambacho kingewanenepesha fisi watatu wenye adabu. Lakini Fisi alikuwa na tumbo la fisi. Kila asubuhi wanyama walipokuja kunywa, yeye hakuona wanyama. Aliona mapaja yanatembea yenyewe, yanakuja mpaka mezani, yanakunywa maji, kisha yanageuka na kwenda zake. Jambo hilo lilimuuma kama mtu aliyeibiwa.

Siku moja alishindwa kuvumilia.

"Mfalme wangu," alisema, "watu hawa wanakunywa bure."

"Wananisalimia," alijibu Simba.

"Salamu haina mafuta, mfalme. Kila asubuhi na wamwache mmoja wao. Mmoja tu! Wewe nyama, mimi mifupa. Kwani ni mfalme gani mwingine anayegawa maji kwa shikamoo?"

Simba hakuwa na njaa. Lakini neno "mfalme mwingine" lilimkera, maana hakupenda kufikiri kwamba kulikuwa na wafalme wengine, tena huenda wanapata zaidi. Akaamuru wakuu wa koo waitwe.

Koo zilizobaki zilikuwa tano, na wakuu wao walikuja watano. Alitangulia Mzee Kobe, ambaye alianza safari alfajiri ingawa kwake hakukuwa mbali. Alikuja Bi Swala, masikio yakitetemeka kabla hajaambiwa lolote. Alikuja Ngiri, mkali, anayekasirikia hata kivuli chake. Alikuja Bi Pundamilia, aliyechelewa kwa sababu alisimama njiani kupangusa vumbi kwenye mistari yake. Wa mwisho alikuwa Sungura, mdogo kuliko wote, ambaye macho yake hayatulii.

Fisi aliwatazama mmoja mmoja kwa dharau. Huyu mchuzi, huyu kuchoma, huyu wa kutafuna polepole. Kisha akapaza sauti na kuwatangazia amri: kila asubuhi, mmoja abaki.

Bi Swala alianza kulia. Ngiri alichimba ardhi kwa pembe zake za mdomoni.

"Hata mimi?" aliuliza Bi Pundamilia. "Na uzuri wote huu?"

"Wewe hasa," alisema Fisi, akameza mate.

Ndipo Sungura alipojitokeza mbele, akainamisha masikio mpaka yakagusa mchanga.

"Shikamoo, mfalme."

"Marahaba."

"Mfalme, nyama sisi hatukunyimi. Lakini nina aibu yangu moja, niruhusu niitoe. Salamu tunazokupa ni za kihuni. Tunakuja vurugu kama nzi, huyu anasalimia huku anakunywa, yule anasalimia huku anajikuna. Mfalme kama wewe anastahili safu. Turuhusu sisi wakuu watano tusimame kila asubuhi, mmoja nyuma ya mwenzake, kila mtu atoe shikamoo yake kwa zamu. Na kila siku safu iwe mpya. Ya leo isifanane na ya jana, wala na nyingine yoyote iliyopita. Hakuna mfalme aliyewahi kusalimiwa hivyo tangu nyika iwe nyika."

Manyoya ya shingo ya Simba yalianza kusimama.

"Na mkirudia safu?" aliuliza.

"Siku tutakayorudia, chagua umtakaye kati yetu umle. Na kila siku baada ya hapo."

Fisi alicheka mpaka akashika mbavu. Hesabu ilikuwa rahisi mno! Vichwa vitano. Leo Kobe atakuwa mbele, kesho Swala, kesho kutwa Ngiri, kisha Pundamilia, kisha huyu kijana wa masikio. Siku tano na mambo yamekwisha. Alishangaa kwamba watu wanamwita Sungura mjanja.

"Kubali, mfalme," alinong'ona. "Siku ya sita tunakula."

"Una hakika?"

"Hakika! Safu zikizidi tano, mabaki yako siyagusi mpaka siku safu ijirudie. Naapa kwa manyoya yako."

"Nimekubali," alisema Simba, na hakuna aliyejua kama anamwambia Sungura au anamwambia Fisi.

Asubuhi ya kwanza walisimama hivi: Kobe mbele, nyuma yake Swala, kisha Ngiri, kisha Pundamilia, na Sungura akafunga safu. Shikamoo tano zilitoka moja baada ya nyingine, na Simba aliitikia kila moja akiwa amefumba macho kwa raha. Koo zote zikanywa.

Asubuhi ya pili Kobe alikuwa mbele tena.

"Imejirudia!" Fisi aliruka, mate yakamtoka. "Kobe yule yule! Mbele pale pale!"

Simba alifumbua jicho moja. "Jana aliyefunga safu alikuwa Sungura. Leo ni Pundamilia. Acha kunipigia kelele wakati wa salamu."

Fisi alirudi mahali pake. Siku ya tatu Kobe alikuwa mbele. Siku ya nne, mbele. Siku ya tano, mbele. Sungura hakutaka kumsumbua mzee. Alimwacha hapo na Bi Swala nyuma yake, akawa anawabadilisha watatu wa mwisho tu. Ilipofika siku ya sita, Kobe na Swala hawakuwa wamesogea hata unyayo, na safu bado ilikuwa mpya.

Mchana huo wake wa Simba walileta nyati. Simba alikula, akatupa mabaki nyuma ya jiwe, akageuza kichwa kuangalia. Fisi alisimama juu ya ubavu ule wenye nyama nyekundu, akaunusa kutoka mwanzo mpaka mwisho, akaondoka. Aliyapata maumivu ambayo hakuwahi kuyajua: kuona chakula na kuwa na kiapo kwa wakati mmoja.

Mtu mwingine angekaa chini akafikiri alipokosea. Fisi hakuwa na mazoea hayo. Alikwenda kwa Simba jioni hiyo na hesabu mpya.

"Mfalme, nilighafilika kidogo. Kila mmoja wao anaweza kusimama mbele, na kila mmoja anaweza kusimama nyuma. Tano na tano. Safu ni kumi. Zikizidi kumi, chukua hata kivuli changu pale chini ya jiwe, nilale juani."

"Nimesikia," alisema Simba.

Siku ya kumi na moja Kobe alikuwa bado mbele, akisinzia. Nyuma yake sasa alikuwa Ngiri. Safu ilikuwa mpya. Fisi alihamia juani.

Huko juani ngozi yake iliwaka, na tumbo lilimlilia mchana kutwa. Alikula mende wa mavi. Alikula kwato kuukuu aliyoichimbua mchangani, akaitafuna siku nzima akijidanganya kuwa ina uboho. Ilipofika siku ya ishirini, akiwa amekonda hadi madoa yake yamekaribiana, alikuja mbele ya Simba akilia.

"Mfalme, tunachezewa! Safu za watu watano haziwezi kuwa nyingi hivi. Sungura anaturoga macho. Mwambie aseme ziko ngapi!"

Simba naye alitaka kujua, ila hakutaka kuonekana kwamba hajui. "Sungura," alisema kwa sauti nzito, "mweleze huyu."

Sungura aliinama, akawapanga wenzake pale pale mbele ya wote.

"Tuanze na wawili, mfalme. Mzee Kobe na Bi Swala. Kobe mbele, Swala nyuma. Au Swala mbele, Kobe nyuma. Kuna nyingine?"

"Hakuna," alisema Simba. "Mbili."

"Sasa aingie Ngiri. Anaweza kukaa mbele yao, katikati yao au nyuma yao. Nafasi tatu. Lakini safu za kumpokea ni mbili, na kila moja inampa nafasi zake tatu."

"Sita," alisema Simba, akaangalia kama watu wamesikia.

"Mfalme hakosei. Aje Bi Pundamilia. Safu ya watu watatu ina nafasi nne za kumtia mtu: mbele kabisa, mbili za katikati, na nyuma kabisa. Na safu zenyewe ni sita. Kila moja nafasi nne."

Simba alikunja uso kwa muda. "Ishirini na nne!"

"Kweli kabisa, mfalme," alisema Sungura, na Fisi alishtuka kusikia maneno yake katika kinywa cha mwingine. "Sasa nimebaki mimi. Safu ishirini na nne, na kila moja ina nafasi za kunitia mimi. Hapo namwachia Bwana Fisi atumalizie. Asije akasema nimemroga."

Wote walimgeukia Fisi. Na Fisi, kusema kweli, hakuwa amesikiliza. Pua yake ilikuwa imekwisha kwenda nyuma ya jiwe, kwenye ubavu wa nyati, na masikio yalikuwa yameifuata. Alilosikia ni "ishirini na nne" na "mimi".

"Ishirini na nne," alisema, "na Sungura ni mmoja. Jumla ishirini na tano."

Ngiri alikohoa. Bi Pundamilia aliangalia pembeni. Hata Mzee Kobe alichomoa kichwa kutoka gambani, akamtazama Fisi kwa mshangao, akakirudisha.

"Una hakika, Bwana Fisi?" aliuliza Sungura kwa upole.

"Usinifundishe kujumlisha, wewe kitoweo! Ishirini na tano. Zikizidi hapo, mfalme na aniondolee upambe."

Simba alimtazama mpambe wake, akafumba macho, kama mtu aliyechoka kumiliki kitu.

Mambo yalianza kumpendeza Fisi siku ya ishirini na tano. Kobe aliondoka mbele! Ilimchukua Kobe saa nzima kusogea nafasi moja tu nyuma, na Bi Swala akashika usukani wa safu. Fisi aliona dalili. Wamemaliza, alijiambia, wameishiwa, ndiyo maana wamemng'oa mzee. Usiku hakulala. Asubuhi ya siku ya pili yake alikuja ameoga kwa mchanga, meno nje, akakaa kitako kando ya Simba, upande wa Pundamilia, ili asihangaike kumfuata.

Bi Swala alisimama mbele, Kobe nyuma yake, kisha Ngiri, kisha Sungura, na Pundamilia mwisho. Shikamoo tano. Simba akatafakari.

"Bi Swala mbele na Kobe nyuma yake, na Pundamilia mwisho," alisema. "Hii sijaiona. Mpya."

Akageuza kichwa. "Fisi, sogea. Hapo wanakaa wapambe."

Tangu siku hiyo Fisi hakuwa na mabaki, kivuli wala cheo. Alizunguka ukingoni mwa mawe kama takataka inayosukumwa na upepo. Kila asubuhi alikuja kutazama safu, na safu ya jana alikuwa amekwisha kuisahau, kwa hiyo alipiga kelele "Imejirudia!" siku ambazo haikujirudia, mpaka watoto wa Swala wakawa wanamwiga wakicheza. Bi Swala alimaliza zamu yake ya kuwa mbele. Akafuata Ngiri. Akafuata Pundamilia, ambaye alifurahia sana kuonekana wa kwanza na akalia ulipofika wakati wa kurudi nyuma. Miezi ikapita. Mwishowe, mbele ya safu alisimama Sungura.

Na mawingu hayakuja.

Hapo ndipo Sungura alipoanza kukonda. Wengine walidhani ni kiu. Yeye alijua kwamba nyuma yake hapakuwa na mwingine wa kuletwa mbele. Ishirini na nne za Kobe, ishirini na nne za Swala, za Ngiri, za Pundamilia, na hizi zake: mia na ishirini, basi. Kila asubuhi alitazama mashariki, akaona anga nyeupe kama mfupa. Safu zilipobaki tatu alimwambia Ngiri peke yake, na Ngiri, kwa mara ya kwanza, hakukasirika. Alikaa chini tu.

Fisi hakujua lolote kati ya hayo. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kitako na kunyamaza, siku tatu tu, na siku ya nne angekula mpaka apasuke. Hata jiwe lingeweza kazi hiyo. Lakini Fisi alikuwa amechoka kungoja, na akili yake, iliyokataa kufanya kazi halali, iliamka mara moja ilipoitwa kwenye uovu. Kama safu haziishi, alifikiri, basi tuivunje safu yenyewe.

Mchana huo, jua likiwa kali, Mzee Kobe alikuwa njiani kurudi kwake, amefika kwenye korongo kavu. Fisi alimtokea kwa nyuma. Alitia pua chini ya gamba, akambinua. Kobe alianguka chali, miguu minne ikipiga hewa.

"Mwanangu, nimekukosea nini?" aliuliza Kobe.

Fisi alijaribu kumng'ata. Meno yaliteleza kwenye gamba, moja likavunjika. Alilaani, akaburuta matawi ya miiba, akamfunika nayo, akaondoka akijipongeza.

Asubuhi safu ilisimama na wanne. Sungura mbele, Pundamilia, Swala, na Ngiri nyuma. Macho yao yalikuwa mekundu, maana walikuwa wamemtafuta mzee wao tangu jioni bila kumpata.

Fisi aliingia katikati ya uwanja akicheza.

"Agano limevunjika! Wako wanne! Safu haijatimia! Mfalme, chagua, na mimi nirudishiwe haki zangu!"

Simba alisimama. Bi Swala alifumba macho. Sungura alijibu bila kutikisika.

"Mfalme, agano lilisema tusirudie safu. Je, umewahi kuiona safu hii? Safu ya wanne, Sungura mbele na Ngiri nyuma?"

Simba alifikiri. "Sijawahi."

"Basi ni mpya. Na tungeweza kukuletea nyingine kama hizi siku ishirini na tatu mbele, kila moja mpya, juu ya zile tulizokwisha kukupa. Lakini hatutaki, mfalme. Tunamtaka mzee wetu."

"Mzee wenu hamtampata!" alifoka Fisi, ambaye aliona ushindi unamponyoka tena kwa njia asiyoielewa. "Mtu amelala chali chini ya miiba atakuja vipi kusalimia?"

Fisi mwenyewe ndiye aliyekuwa wa mwisho kusikia alichosema.

"Chali," alisema Simba polepole. "Chini ya miiba. Wapi?"

"Mimi nimesema? Nilikuwa nakisia tu, mfalme..."

"Wapi?"

"Korongoni," alisema Fisi, na mkia wake ukajificha katikati ya miguu.

Ngiri alikuwa ameondoka kabla neno halijaisha. Alirudi jua likiwa limepanda, anamsukuma Kobe mbele yake taratibu kwa paji la uso, pua yake mwenyewe ikivuja damu kwa miiba. Kobe alikuwa hai. Walimpa maji, akanywa kwa muda mrefu, kisha akamtazama Simba.

"Shikamoo, mfalme. Nisamehe, nimechelewa."

Hilo ndilo lililomgusa Simba. Si maumivu ya Kobe, tusimsingizie huruma. Ni kwamba mtu alikuwa amethubutu kumpunguzia salamu. Miezi yote hiyo alikuwa amesalimiwa na watano, na leo, kwa ajili ya tumbo la mtumishi, akasalimiwa na wanne. Alishuka kutoka jiweni, akamkanyaga Fisi shingoni.

"Nimuue?" aliwauliza.

"Muue," alisema Ngiri.

"Muue, lakini damu isinirukie," alisema Bi Pundamilia.

Sungura alitikisa masikio. Alitazama mashariki, anga ilikuwa nyeupe vile vile. Akamtazama Fisi.

"Mfalme, ukimuua utapata ngozi mbovu na harufu. Mtie kwenye safu. Upate shikamoo sita kila asubuhi badala ya tano."

Simba aliondoa mguu. Hakuwahi kufikiria sita.

"Sawa," alisema. "Fisi, kuanzia leo utasalimia kama hawa. Usipofika asubuhi moja, nakufuata. Na siku safu itakapojirudia, sitachagua mtu. Nitaanza na wewe."

Kesho yake Fisi alisimama mwisho wa safu, nyuma ya Sungura. Aligundua kwamba kutoka mahali hapo Simba anaonekana mkubwa zaidi.

"Sungura," alinong'ona, "ndugu yangu. Safu zilikuwa zimebaki ngapi?"

"Tatu."

"Tatu! Tatu tu? Yaani ningengoja..."

"Ungengoja siku tatu, ya nne ungekula."

Fisi alilia kidogo, kimya kimya. Kisha akakumbuka aliposimama.

"Na sasa je? Zimebaki ngapi?"

"Sasa umeingia wewe. Kila safu ya watano ina nafasi sita za kukutia. Mia na ishirini mara sita. Mia saba na ishirini."

Fisi aliyesema tano, akasema kumi, akasema ishirini na tano, na kila mara akaona ni nyingi mno, alimeza mate, akauliza kwa sauti ya unyonge:

"Hizo tu? Hatuwezi kumwita Nungunungu naye?"

Hakuna aliyewahi kuipenda safu kama Fisi alivyoipenda. Alifika wa kwanza kila asubuhi. Aliwapanga wenzake, akamkemea Pundamilia, "Hapo ulisimama juzi!" na akambeba Kobe mgongoni, yule yule Kobe, ili asichelewe. Shikamoo yake ilikuwa ndefu kuliko zote. Wenzake walisimama naye kwa sababu ya maji. Hawakumsalimia, na alipozungumza walimwacha azungumze peke yake.

Kisha mvua ikaja. Ilikuja kwa ghadhabu ya mtu aliyecheleweshwa, ikajaza makorongo, ikajaza nyayo za tembo waliokwisha kuhama, na kila ukoo ukapata dimbwi lake nyuma ya nyumba yake. Watoto wa Swala waliruka kwenye tope. Mzee Kobe alitoa shingo yote nje, akaiacha inyeshewe.

Asubuhi hiyo Fisi alifika Miambani akiwa amelowa. Hakuona mtu. Alingoja, akachungulia njia hii na njia ile. Hapo ndipo alipoelewa kwamba wengine walikuwa wanafuata maji, na maji sasa yako kila mahali. Yeye peke yake ndiye aliyefungwa na safu.

Simba alitoka, akakaa juu ya jiwe lake, akangoja salamu.

"Shikamoo, mfalme," alisema Fisi.

"Marahaba. Wenzako?"

"Wamepata maji kwao."

Simba alimtazama yule mnyama mmoja aliyesimama mvuani, mbele yake hakuna mtu na nyuma yake hakuna mtu. Alifurahi kuona kwamba bado anayo safu.

"Safu ya mmoja," alisema. "Sijawahi kuiona. Mpya. Haya, nenda, tuonane kesho."

"Mfalme, kesho naweza kusimama ubavu. Au nikaangalia kule."

"Fisi ni Fisi, hata akisimama kwa kichwa. Nenda."

Fisi aliondoka taratibu. Alipofika nyuma ya mawe alisimama, akakunja uso, akaanza kuhesabu. Leo Fisi mbele. Kesho nani mbele? Hesabu hiyo aliifanya peke yake bila kufundishwa, haikumchukua muda, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliipata sawasawa. Wake wa Simba walioona wanasema hakupita hata pangoni mwake kuchukua chochote. Alitimua mbio kuelekea upande wa pili wa nyika, mvua ikimpiga mgongoni, na hata leo asubuhi ikipambazuka karibu na makazi ya simba, hutamwona fisi akingoja.